Kitabu cha Makao

Aliyeandika kile kitabu cha kwanza, popote alipo, siku nikikutana naye nitampa za uso. Mtu mzima umekaa ukaandika namna ya kuua joka lenye mbawa, namna ya kuvunja mlango wa chuma, namna ya kufa kwa sumu, kwa moto, kwa kuporomoka shimoni, kurasa kwa kurasa za kufa tu, halafu ndoa hukuiwekea hata mstari mmoja. Hata mmoja, jamani! Hao mashujaa wako wakishamaliza kuua wanarudi kwa nani? Nani anawauliza mlikuwa wapi mpaka saa hizi?

Mimi naitwa Mwanamisi, nauza mitumba hapa Soni, upande wa juu wa barabara iendayo Lushoto. Wanaonijua wanajua ulimi wangu hauna breki. Mteja akishika sweta langu akalitupa chini, anasikia. Lakini mara moja maishani ulimi huu huu ulitakiwa useme neno moja dogo, ukakaa kimya. Kisa chenyewe ni kitabu.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni na kitenge tukaamka siku moja nguo za Ulaya zimemwagwa sokoni kama maharage. Kaka yangu Abubakari alikuwa amemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, basi akawa anashuka Mombo kupokea mabelo, yale marobota ya mitumba yanayotoka Tanga, na mimi nikawa nauza. Kufungua belo ni bahati yako. Unakata kamba, nguo zinaruka zenyewe kwa jinsi zilivyobanwa, na wewe macho yako yanatafuta kamera, zile nguo za daraja la juu, kabla wateja hawajakuvamia. Siku hiyo lilikuwa belo la nguo za watoto. Katikati ya fulana na soksi likatoka boksi bapa, limepondeka kona, lina picha ya mnyama kama mamba mwenye mbawa anayetapika moto.

Nikataka kulitupa. Abubakari akaninyang'anya. Yeye Kiingereza anakipenda kuliko chakula, akakaa chini na kile kitabu cha ndani mpaka soko likaisha, na mimi nikiuza peke yangu na kumtukana moyoni.

"Mwanamisi," akaniambia, "hiki ni kitabu cha hadithi ambayo haijaandikwa. Wanaoisema ni wanaocheza."

Ndivyo ulivyokuwa mchezo wenyewe. Mmoja ni Msimulizi, anawaambia mko wapi na mbele yenu kuna nini. Wengine kila mtu ana shujaa wake, na anasema shujaa wangu anafanya hivi na hivi. Pakiwa na shaka, mnarusha dadu. Dadu zenyewe zilishapotea huko huko Ulaya, imebaki moja tu yenye pande ishirini, kwa hiyo nyingine tukaandika namba kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kopo la Kimbo. Unatikisa, unachomoa. Tukauita mchezo wetu Safari.

Tulikuwa wanne. Abubakari ndiye Msimulizi, maana ndiye anayesoma, na alivyo mtu wa sheria ungedhani kitabu amekitunga yeye. Wa pili Mzee Sefania, fundi cherehani, ambaye tulichezea bandani kwake siku za Jumatano mchana, maana Jumanne na Ijumaa ni soko. Wa tatu mimi. Wa nne Timotheo.

Timotheo alikuwa kijana wa Bungu aliyepanga chumba hapa Soni. Alinunua kabichi na karoti, akapakia matenga kwenye malori ya Dar es Salaam. Ana mabega ya mtu wa mizigo na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Baba yake mzee wa kanisa la Kilutheri huko Bungu. Baba yangu mimi muadhini wa msikiti wa hapa hapa Soni. Ukuta unauona mwenyewe, sina haja ya kukuonyesha.

Majina ya kwenye kitabu yalikuwa ya kuvunja meno, tukayaacha, tukajitungia. Timotheo akamwita shujaa wake Shemzitu, jina la mtu wa msituni. Wangu nikamwita Mwanamvua, mwanamke wa upinde na mishale asiyetaka mchezo. Mzee Sefania alikuwa na mganga mmoja mkorofi. Siku yule mganga alipokufa kwa sumu ya buibui, kitabu kilisema, eti, andika shujaa mwingine, endelea. Endelea! Mtu amekufa, uendelee? Tuligoma. Tukamkalia matanga, Jumatano nzima hatukurusha dadu, Mzee Sefania akatuletea kahawa. Halafu tukamtafutia mganga mpwa wake wa kurithi jina na mkoba, na huyo mpwa ndiye Sefania akaendelea naye. Abubakari alinung'unika, lakini tulimzidi nguvu. Ndivyo tulivyocheza. Mambo ya Ulaya tuliyachukua, lakini utu wetu hatukuuweka pembeni.

Nyuma ya boksi kulikuwa na picha za vitabu vingine vinne. Abubakari akatueleza kwamba hivyo ni vitabu vya nyongeza, kila kimoja kinaongeza lile ambalo cha kwanza hakina. Kimoja cha bahari, kimoja cha jangwa, kimoja cha mizimu. Cha nne kilikuwa na picha ya nyumba ndogo, moshi unatoka juu ya paa, na mbele ya mlango mwanamume na mwanamke wameweka silaha zao chini. Kaka akasoma maneno ya chini yake: mashamba, nyumba, ndoa na urithi wa mashujaa. Kitabu cha Makao, akakitafsiri hivyo.

Jamani, tulivitamani vitabu vile! Tulikaa tukavitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani. Na vile ambavyo havikuwapo tukavitunga kwa midomo.

"Mimi nataka Kitabu cha Milima," akasema Timotheo. "Hapa wameandika shujaa mwenye mzigo anatembea maili ishirini kwa siku. Huyu hajapanda kutoka Mombo na tenga kichwani."

"Mimi cha Mvua," akasema Mzee Sefania. "Waganga wa humu kazi yao kurusha moto. Kuna nchi inaponywa kwa moto? Nipeni kitabu cha kuzifya shi." Hicho ni Kishambaa, maana yake kuiponya nchi, kuifanya itoe mvua na mahindi. "Mganga asiyejua hilo si mganga, ni mwizi wa kiberiti."

"Mimi cha Soko," nikasema. "Upanga una bei moja, haupunguzwi, muuzaji hata hakusalimii. Soko gani hilo? Niwekeeni na mama mkwe humo, tuone hao mashujaa watakimbilia wapi."

"Na mimi nataka Kitabu cha Sheria Zote," akasema Abubakari, "ili muache kunibishia."

Tukacheka mpaka wapita njia wakachungulia. Timotheo akangoja kicheko kitulie, akaniuliza kwa ile sauti yake, "Na hiki cha Makao, wewe hukitaki?"

"Nani asiyekitaka?" nikamjibu, na nikajifanya natafuta kitu kwenye kopo la Kimbo.

Nisikufiche, nilimpenda. Nilimpenda toka siku Mwanamvua alipovunjika mguu pangoni na dadu zikakataa kila kitu, Abubakari akasema anayebaki nyuma atakufa naye, na Timotheo akasema bila hata kufikiri, "Shemzitu anabaki." Ilikuwa hadithi tu, najua. Lakini alisema akiniangalia mimi, na toka hapo Jumatano zikawa hazifiki upesi.

Basi ikawa Jumatano moja mashujaa wetu wamefika kwenye kivuko cha mto mkubwa, wamepumzika. Abubakari akauliza, mnafanya nini? Timotheo akasogeza kopo la Kimbo pembeni. Kisha akasema, "Shemzitu anamwita mganga faragha. Anamwomba awe mshenga wake, aende kwa Mwanamvua na posa."

Nikahisi masikio yanawaka moto. Mzee Sefania akamtazama Timotheo, akanitazama mimi, wala hakucheka. Kwetu posa haisemwi umekaa na futi shingoni. Akavua ile futi yake ya ufundi, akavaa koti, akatoka nje ya banda, na kutoka huko tukamsikia akibisha.

"Hodi wenyewe!"

Abubakari akakosa la kufanya, akaitikia, "Karibu."

Mzee Sefania akaingia taratibu kama mgeni wa kweli. "Tumepita hapa kwenu," akasema, "tukaona ua. Ua hilo limempendeza kijana wetu. Tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe, na kama halina, tumeleta maneno."

Mimi mkono wangu ulishavuta kanga kichwani bila kuniuliza. Nikainama. Nilikuwa na ndiyo mdomoni, nzima, imeiva, nikiachia tu inatoka. Lakini msichana wa kwetu hajijibii posa. Inapokelewa na wakubwa, mshenga anaambiwa tumesikia, nendeni mrudi, na jibu linatoka kwa mdomo wa mkubwa. Mwanamvua hakuwa na wakubwa ndani ya mchezo. Mimi mkubwa wangu alikuwa mbele yangu, ameshika kitabu.

Abubakari akapekua mbele, akapekua nyuma. Akakifunga.

"Humu hamna sheria ya ndoa," akasema. "Iko kwenye Kitabu cha Makao. Posa imepokelewa, tumesikia. Jibu litasubiri kitabu."

"Abubakari," akasema Mzee Sefania, bado amesimama na koti lake, "binti huyu hapa amekaa. Muulize."

"Kitabu hakijasema."

Tukaishia hapo. Jumatano iliyofuata Abubakari akataka tuvuke mto tuendelee. Timotheo akakataa kwa upole, ila amekataa kabisa. Mtu aliyepeleka posa, akasema, haendi vitani kabla ya kupata jibu, akifa je? Mzee Sefania akamuunga mkono, mshenga naye hawezi kuondoka akaacha maneno njiani. Na Mwanamvua, je, ataondokaje na posa iko mlangoni? Basi Safari ikasimama pale kivukoni, na boksi likapandishwa juu ya kabati la vitambaa.

Toka hapo ikawa kila siku ya soko Timotheo anapita kibandani kwangu.

"Kitabu kimepatikana?"

"Bado."

Ndiyo salamu yetu ikawa hiyo. Wengine walidhani ananidai. Kila belo nililolifungua, mikono ilitangulia katikati ya nguo kutafuta kitu kigumu. Nikipata kiatu, moyo unaruka kisha unakaa chini. Nilichukua lile boksi kwa Mzee Sefania, nikashuka nalo Mombo, nikamwonyesha Halima, muuza mitumba mwenzangu, ile picha ya nyumba na moshi. Nikamwambia ukikuta kitabu chenye alama hii, usikichane kufungia vitumbua, nitakupa chochote. Akanicheka, lakini akakubali kuwaambia na wa Korogwe na Tanga. Boksi nikalirudisha juu ya kabati.

Siku moja Timotheo alipita soko limeshavunjika, watu wanafunga mizigo. Hakuuliza swali letu. Alisimama akashika nguzo ya kibanda.

"Mwanamisi. Na kisipopatikana?"

Hapo ndipo. Hapo Mungu alinifungulia mlango wazi kabisa. Hapakuwa na mshenga, hapakuwa na kaka, ni yeye na mimi na furushi la suruali. Nikamwona baba akipanda kuadhini na watu wote wa msikitini wakimwangalia. Nikaona aibu, nikaona woga, na kumjibu mwanamume mwenyewe uso kwa uso nikaona kama kujivua nguo barabarani.

"Kitapatikana," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaniaga. Baada ya wiki chache baba yake akaugua, Timotheo akaitwa Bungu. Huko wazee wakakaa, mgonjwa akasema anataka kuona mkwe kabla hajafa. Timotheo alirudi Soni kutoa vitu vyake chumbani, akaja kuniaga, akaniambia ataoa, binti anaitwa Klara, ni mtu mwema. Nikamwambia hongera. Nikamchagulia na shati jeupe la kuolea, kamera kweli kweli, nikakataa hela yake. Alipoondoka nikalala juu ya nguo nikalia mpaka Abubakari akafunga kibanda mimi nikiwa ndani.

Sikukaa hivyo hivyo. Niliolewa Mlola na mwanamume ambaye sina ubaya naye wala yeye hana ubaya na mimi, tukashindwana, nikarudi Soni kwenye mabelo yangu. Mtu anaweza kuniuliza, Timotheo ameoa, kitabu cha nini tena? Niliwahi kujiuliza na mimi. Lakini Shemzitu hakuwa ameoa. Shemzitu alikuwa bado kivukoni anasubiri, na Mwanamvua yuko ng'ambo ya moto walioukoka, kanga kichwani. Nikiamka asubuhi ukungu umeshuka Soni nzima huoni hata barabara, nilikuwa nawaona wale wawili vizuri kuliko nilivyowaona majirani. Na mikono yangu iliendelea kutangulia ndani ya belo.

Timotheo naye aliendelea kuja. Alikuwa na shamba la mapeasi, siku za soko anashuka na Klara kuuza. Alimwambia mkewe kwamba mimi ni dada yake wa Soni, basi Klara akaniita wifi. Kila akija, wifi hujambo, wifi nimekuletea peasi. Ningependa nikuambie nilimchukia. Nilijaribu, sikuweza.

Mwaka simu za mkononi zilipofika Soni, ikaja Ijumaa moja. Kondakta wa basi la asubuhi akanirushia mfuko wa rambo, akasema umetoka kwa Halima wa Mombo, amesema nikupe na salamu. Nikaushika. Kitu kigumu, bapa. Sikuhitaji kufungua. Nilifungua, na ile nyumba ndogo ikanitazama, na moshi wake juu ya paa.

Niliacha kibanda wazi. Katikati ya soko, niliacha kibanda wazi! Nikakimbia mpaka kwenye mapeasi, Timotheo akaniona ninavyokuja, akasimama. Klara alikuwa ameinama anampimia mteja.

"Kitabu kimepatikana," nikasema.

Hakuuliza kitabu gani. Akamwambia mkewe anakwenda mara moja kwa fundi, akanifuata. Njiani nikampitia Abubakari dukani kwake, sasa ana duka la pembejeo na kitambi, nikamwambia twende, asiulize. Mzee Sefania macho yalishachoka, sindano anatungiwa na wengine, lakini nilipompa shikamoo na kumwekea kitabu mapajani alikipapasa jalada akasema, "Marahaba, mwanangu. Shusheni boksi."

Boksi likashushwa na vumbi lake. Tukakaa mahali petu pa zamani, kila mtu akijua kiti chake. Abubakari akavaa miwani, akatafuta kwa kidole. Mashamba. Nyumba. Mifugo. Kisha akafika, nikajua kwa jinsi kidole kilivyosimama. Akasoma kimya. Akarudia kusoma.

"Soma kwa sauti," nikamwambia. "Tumesubiri vya kutosha."

Akasoma Kiingereza, akakohoa, akatafsiri. "Ndoa na mambo mengine ya moyo hayana dadu. Msimulizi asiyaamue. Amuulize mchezaji mwenye shujaa, na jibu la mchezaji ndilo sheria."

"Endelea," akasema Timotheo.

"Basi. Inaishia hapo."

Nje walikuwa wananadi nyanya. Mimi nilikuwa nimekodolea ule ukurasa, mweupe, mistari miwili, mitatu, nikafikiri, ni hii? Ni hii niliyokuwa naipekua kwenye soksi za watoto wa watu? Miaka yangu yote ile kitabu kilikuwa kinasema niulizwe mimi!

Abubakari akavua miwani. "Mwanamisi," akasema, "mimi nilijua siku ile kwamba si mchezo. Nilimwona Timotheo, nikakuona na wewe. Nikamfikiria baba. Nikaona bora nitie kitabu mbele, yataisha yenyewe. Nilidhani nakulinda." Akakisukuma kitabu mbele yangu. "Nisamehe, mdogo wangu."

Nilikuwa na maneno ya kumtosha, nakuambia, ya kumtosha yeye na duka lake. Lakini Mzee Sefania alishainuka. Alishikilia meza, akavua futi shingoni, akaomba koti. Timotheo akamvalisha. Mzee akatoka akipapasa mlango, na tukamsikia kule nje.

"Hodi wenyewe!"

Abubakari hakuitikia. Aliniangalia mimi. Safari hii nikaitikia mwenyewe.

"Karibuni."

Akaingia. "Tulikuja siku ile tukaleta maneno yetu. Mkatuambia mmesikia, twende turudi. Tumerudi."

Kanga yangu ilikuwa mabegani, nikaiacha pale pale. Nikamtazama mshenga, maana yeye ndiye aliyeniuliza, ila nilimwona Timotheo pembeni, mikono yake mikubwa imelala mezani, mvi zimeanza juu ya masikio.

"Mwambieni Shemzitu," nikasema, "Mwanamvua amekubali."

Mzee Sefania akapiga kigelegele. Mwanamume mzima, mzee wa watu, akapiga kigelegele peke yake kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine wa kukipiga. Abubakari akachukua karatasi zile mbili za mashujaa, zimekuwa njano, akaandika ndoa yao. Timotheo akaangalia anavyoandika mpaka akamaliza, akaniambia, "Ahsante," akasimama, akatoka upesi.

Nilirudi kibandani nikakuta hakijaibiwa kitu, Soni bado kuna watu. Muda si mrefu Klara akaja, mtoto mgongoni.

"Wifi! Mmemfanya nini mume wangu huko kwa fundi? Karudi macho mekundu."

"Vumbi la vitambaa, mama. Banda lile halifagiliwi."

"Haya. Nitafutie sweta la huyu, Bungu baridi imeanza na basi linakaribia kuondoka."

Nilikuwa na sweta moja la njano, kamera, nimelificha chini ya meza kwa ajili ya mteja mkubwa. Nikalitoa, nikampimia mtoto mgongoni, likamkaa. Klara akafungua pindo la kanga atoe hela, nikamshika mkono.

"Leo hulipi. Kwetu kuna arusi."

"Arusi! Ya nani tena, wifi, bila kualikana?"

"Imekuwa ya ghafla. Mtu wetu wa karibu sana."

"Na bwana arusi wa wapi?"

"Wa Bungu."

"Bungu!" Akafurahi kabisa, akageuka. Timotheo alikuwa amefika nyuma yake na matenga matupu begani. "Baba, umesikia? Wanaoza kijana wa Bungu, na sisi hatuna habari. Basi lazima tunamjua."

Timotheo akashusha matenga. Nikalikunja lile sweta taratibu, mkono juu ya mkono, nikalitia kwenye mfuko wa Klara.

"Mnamjua," nikasema. "Mkimwona mfikishieni salamu. Mwambieni bibi arusi anasema alikuwa ameshakubali toka siku ya kwanza, ila hakuulizwa."

"Maskini," akasema Klara. "Nitamwambia, wifi."

Basi likapiga honi. Timotheo akampokea mtoto, akamsaidia mkewe kupanda, akarusha matenga juu kwa utingo, halafu akapanda na yeye. Nilisimama barabarani mpaka wakapotea kwenye kona ya kwanza, na nyuma yangu mteja alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya suruali.